Mashahidi Watatu wa Ndege Iliyopotea

Kila ndege inayopaa huwa na jina. Huandikwa herufi ubavuni au mkiani, hutiwa nambari katika daftari la serikali, na pengine wenyewe huipaka puani jina la mapenzi. Rubani ana jina, fundi ana jina, na safari yenyewe ina mwanzo ulioandikwa na mwisho uliokusudiwa. Walakini ndege ikipotea, ikaanguka mahali pasipopitwa na watu, mambo haya yote huanza kutengana. Herufi hubabuka kwa jua. Daftari hukaa kabatini katika mji ulio mbali. Watu waliokufa huwa mifupa, na pengine hata mifupa haionekani. Ikipita miaka ishirini, arobaini au hamsini, kisha mpita njia akakuta chuma kilichopindika baina ya vichaka, huuliza swali lililo fupi kinywani na refu katika jibu lake: hii ni ndege gani?

Nataka kuonyesha katika insha hii kwamba swali hilo si la mafundi wa mitambo peke yao. Ni swali la historia, na kwa jamaa wa waliopotea ni swali la msiba usiokwisha. Nataka kuonyesha pia kwamba jibu lake la kweli haliwezi kutolewa na shahidi mmoja. Mashahidi wanaotakiwa ni watatu: chuma, karatasi, na wenyeji wa nchi. Chuma bila karatasi ni bubu. Karatasi bila chuma ni dhana. Na vyote viwili, bila ya watu wanaoijua ardhi, mara nyingi havikutani.

Mifano yangu naitwaa katika nyika ya Australia, kwa kuwa huko ardhi kavu ni pana mno, watu ni wachache, na ndege zilizolala ni nyingi. Neno nyika nimelichagua kwa kusudi. Watu wa pwani yetu waliita nyika ile nchi kavu iliyo nyuma ya Mombasa, na wakazi wake wakawaita Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Leo tunawaita Wamijikenda. Nchi ile haikuwa tupu. Ilikuwa tupu machoni pa mtu aliyesimama ufukoni. Ndivyo ilivyo kwa nyika ya Australia. Ramani za wageni ziliiandika kama mahali pasipo kitu, hali watu wa asili waliishi humo, wakayajua maji yake na njia zake, kwa maelfu ya miaka kabla ya ndege ya kwanza kupita juu. Msomaji akilishika jambo hili tangu sasa, ataona baadaye kwa nini nimemweka shahidi wa tatu sawa na wale wawili.

Tuanze na ndege moja ndogo iliyoitwa Kookaburra, kwa jina la ndege wa Australia mwenye mlio unaofanana na kicheko cha mtu. Ilikuwa ya aina ya Westland Widgeon, ya bawa moja la juu na injini moja. Rubani wake alikuwa Keith Anderson, na fundi wake Bob Hitchcock. Tarehe 31 Machi 1929 ndege kubwa ya Charles Kingsford Smith, Southern Cross, ilikuwa imelazimika kutua katika matope ya pwani ya Kimberley, kaskazini-magharibi ya Australia, ikielekea Uingereza na watu wanne. Habari zao zilikatika. Nchi nzima ikaingia wasiwasi, kwa maana Kingsford Smith alikuwa amevuka bahari ya Pasifiki kwa ndege mwaka uliotangulia, naye alikuwa shujaa wa watu. Anderson alikuwa mshirika wake wa zamani. Walikuwa wamegombana hata wakafikishana mahakamani, kwa sababu Anderson aliachwa nje ya safari ile ya Pasifiki. Hata hivyo, aliposikia kuwa mwenzake amepotea, yeye na Hitchcock walifunga safari kwenda kumtafuta.

Waliondoka Alice Springs tarehe 10 Aprili 1929 kuelekea Wyndham, wakikata moja kwa moja juu ya jangwa la Tanami. Hawakuwa na simu ya upepo. Maji waliyochukua yalikuwa machache mno kwa nchi ile. Njiani injini ilipungukiwa na nguvu, kwa sababu fimbo inayosukuma vali ya silinda moja ililegea, nao wakatua baina ya vichaka. Kuitengeneza injini waliweza. Kuruka tena hawakuweza. Vichaka viliwazuia kupata mwendo, na jitihada zao za kufyeka njia na kuvichoma moto ziliishia katika kiu. Siku mbili tu baada ya wao kuanguka, tarehe 12 Aprili, Southern Cross ilionekana, na watu wake wote wakiwa hai. Hivyo wale waliotafutwa walikuwa wamekwisha patikana, na watafutaji wakawa ndio waliopotea.

Tarehe 21 Aprili rubani Lester Brain wa shirika la Qantas aliona moshi kwa mbali, akaufuata, akaiona Kookaburra chini na mwili wa mtu chini ya bawa lake. Mwishoni mwa mwezi ule kikosi cha nchi kavu kilichoongozwa na Luteni Charles Eaton wa jeshi la anga, kikiondokea Wave Hill kwa farasi na kusaidiwa na wenyeji wafuata nyayo, kilifika mahali pale na kuwazika marehemu wote wawili. Baadaye miili yao ilichukuliwa ikazikwa upya mijini: Anderson huko Sydney na Hitchcock huko Perth. Ndege yenyewe iliachwa jangwani.

Kitu kimoja hakikuachwa. Juu ya kitambaa cha usukani wa mkia, Anderson alikuwa ameandika habari zao kwa mkono wake: saa ya kutua, sababu ya kutua, hitilafu ya ile fimbo, na jinsi walivyojaribu kuruka wasiweze. Kitambaa kile kilikuwa chuma na karatasi kwa wakati mmoja. Mabaki yenyewe yalikuwa yamebeba ushahidi wao. Na ushahidi ule ulihitajika sana, kwa kuwa maneno mabaya yalikuwa yameenea mijini. Ilinong'onwa kwamba Kingsford Smith alijificha makusudi ili apate sifa, na kwamba watu wawili walikufa kwa ajili ya mchezo. Baraza la uchunguzi lilikaa mwaka ule ule wa 1929, likamwondolea lawama ya kupotea kwa hila. Haikosi wako waliobaki na shaka zao, kama ilivyo desturi ya wanadamu. Lakini juu ya kifo cha Anderson na Hitchcock, hapana aliyeweza kubuni sababu nyingine. Sababu ilikuwa imeandikwa na mwenye kufa, juu ya chombo kilichomwangusha.

Sasa, msomaji angedhani kwamba ndege iliyojulikana hivyo, ikaonwa toka juu na kufikiwa kwa farasi, haiwezi kupotea tena. Ilipotea. Nchi ile ni tambarare, kichaka kinafanana na kichaka, na hesabu za mahali zilizoandikwa mwaka 1929 zilikuwa za kukadiria. Karatasi ilisema ndege iko mahali fulani. Mtu akienda mahali pale haoni ndege. Mwaka 1961, baada ya miaka 32, mpima ardhi Vern O'Brien aliikuta kwa bahati akiwa katika kazi nyingine. Hata baada ya hapo ikawa shida kuirudia. Dick Smith, mfanyabiashara na rubani wa Sydney, aliitafuta mwaka 1977 asiione, akarudi mwaka 1978 akaiona. Kilichobakia hakikuwa kingi, kwa maana mbao na nguo hazistahimili jua, mchwa na moto wa nyika kwa nusu karne. Mabaki hayo yalipelekwa Alice Springs, mahali pale pale yalipoanzia safari yake ya mwisho, na huko huonyeshwa kwa watu.

Funzo la Kookaburra ni hili: jina la ndege lilijulikana siku zote, na mahali pake hapakujulikana. Katika visa vingine jambo hugeuka, mahali hujulikana na jina likapotea. Nayo ndiyo kazi ngumu zaidi. Kazi hii iliongezeka sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Tarehe 19 Februari 1942 ndege 188 za Japani ziliushambulia mji wa Darwin katika wimbi la kwanza la mashambulizi ya siku ile, na zaidi ya watu 200 waliuawa. Tangu hapo mpaka mwisho wa vita mwaka 1945, kaskazini ya Australia ilijaa viwanja vya ndege, na ndege za Australia, Marekani, Uingereza, Uholanzi na Japani zilianguka katika vinamasi, misitu, mawe na mchanga wake. Nyingine zilipigwa na adui. Nyingi ziliangushwa na dhoruba, ukungu, upungufu wa mafuta, na vijana waliopotea njia usiku juu ya nchi isiyo na taa.

Mtu anayefika mbele ya mabaki ya namna hiyo huanza na shahidi wa kwanza, chuma. Hutazama kwanza umbo: ni injini ngapi, ni za kupozwa kwa hewa au kwa maji, silinda zimepangwa kwa duara au kwa safu. Hutazama mapanga ya rafadha. Yaliyopindika kwa kujikunja mbele huashiria injini iliyokuwa ikizunguka kwa nguvu, na yaliyolala nyuma tu huashiria injini iliyokwisha nguvu. Hutazama jinsi vipande vilivyotawanyika: vikilala kwa mstari mrefu, ndege iliteleza, vikiwa katika shimo moja, ilichoma chini kichwa mbele. Haya yote yanaeleza jinsi ilivyoanguka. Hayajaeleza bado ni nani aliyeanguka.

Kwa hilo hutafutwa nambari. Viwanda vilikuwa na desturi ya kupiga muhuri wa nambari juu ya kila sehemu, na nambari hizo zina ukoo wake. Katika ndege ya Kiingereza iitwayo Spitfire, ambayo vikosi vyake vililinda Darwin mwaka 1943, sehemu nyingi zina nambari inayoanza na 300, kwa kuwa ndiyo nambari ambayo kiwanda cha Supermarine kilikipa kielelezo chake cha kwanza. Sehemu kama hiyo haisemi zaidi ya kwamba hii ni Spitfire, kwa sababu ziliendelea kutumika katika aina zilizofuata. Lakini ikipatikana sehemu inayoanza na 349, mwenye kujua atasema ni sehemu iliyobuniwa kwa Spitfire ya aina ya tano, nayo ndiyo iliyotumika Darwin mwaka ule. Vivyo hivyo sehemu za Kittyhawk ya Curtiss huanza na 87. Jeshi la anga la Australia nalo lilizipa ndege zake nambari zake lenyewe: A58 kwa Spitfire, A29 kwa Kittyhawk, A72 kwa Liberator, kisha kistari na nambari ya ndege moja moja.

Hapa ndipo wanagenzi wengi hujikwaa. Mtu akiona nambari hufurahi, akafikiri kwamba amekwisha. Kumbe nambari ya sehemu ni kama kabila; haijawa jina la mtu. Ndege elfu zaweza kuwa na sehemu ya nambari ile ile. Kinachotakiwa ni nambari ya ndege moja, au ya injini yake, au ya bunduki zake. Na hata nambari ya injini haina budi kupimwa kwa tahadhari, kwa sababu injini ilikuwa ikitolewa katika ndege moja na kutiwa katika nyingine. Wakati wa vita mafundi walizinyofoa ndege zilizoanguka ili kuziponya zilizo nzima. Mkia wa hii ukapachikwa kwenye kiwiliwili cha ile. Lundo moja la chuma laweza kuwa na vipande vya ndege mbili, kila kimoja kikisema kweli juu ya ukoo wake, na vyote pamoja vikisema uongo.

Kwa hiyo chuma hupelekwa mbele ya shahidi wa pili. Jeshi la anga la Australia liliweka kadi ya kila ndege, na humo ikaandikwa siku ilipopokewa, kikosi ilichopewa, matengenezo yake na ajali yake. Wamarekani, tangu mwaka 1943, waliandika taarifa ya kila ndege iliyopotea na watu wake, pamoja na majina, safari, hali ya hewa, nambari za injini na hata nambari za bunduki. Mwandishi wa fomu ile, ameketi mezani na orodha ya bunduki za ndege ambayo haikurudi, pengine aliona kazi yake kuwa ya bure. Baada ya miaka hamsini, bunduki moja yenye kutu yaweza kuifungua fomu yake kama ufunguo unavyofungua mlango, na nyuma ya mlango kuna watu wanane au kumi wenye majina, wazazi na anwani.

Ndivyo ilivyo kwa Liberator iliyoitwa Beautiful Betsy. Iliondoka kaskazini ya Australia kuelekea Brisbane tarehe 26 Februari 1945, ikiwa na Wamarekani sita na maofisa wawili wa jeshi la anga la Uingereza. Haikufika. Mwaka 1994 mtunza hifadhi alikuta mabaki yake katika milima ya Kroombit Tops, jimbo la Queensland. Ilikuwa imepita miaka 49. Jamaa wanane walikuwa wamekaa muda wote huo na neno moja la serikali, neno "amepotea", ambalo si uhai wala si kifo. Aliyefiwa hulia, akazika, akatanzua matanga. Aliyepotelewa hufanya nini? Hungoja. Nambari iliyosomwa vema katika chuma humwondoa mtu katika kungoja, na kumtia katika kulia. Si zawadi njema, lakini ni haki yake.

Nimesema kwamba chuma na karatasi hupimana. Pana kisa ambacho kinywa cha mtu mzima kilisema uongo, na chuma kikamkanusha. Siku ile ile ya shambulio la Darwin, ndege moja ya Kijapani ya aina ya Zero ilipigwa risasi toka chini, ikapoteza mafuta ya kulainisha injini, ikatua kwa tumbo katika kisiwa cha Melville, nchi ya Watiwi. Rubani alitoka akiwa mzima. Alikamatwa na Mtiwi kijana, Matthias Ulungura, ambaye husimuliwa kwamba alimjia kwa nyuma akiwa na mpini wa shoka tu, akamnyang'anya bastola. Akawa mfungwa wa kwanza wa Kijapani kukamatwa juu ya ardhi ya Australia.

Mbele ya waliomhoji alijiita Tadao Minami, akaeleza kuwa ni mtu wa ndege ya mabomu. Kwa askari wa Japani wa zama zile kutekwa kulikuwa aibu kubwa, na aibu hiyo ilishuka mpaka nyumbani kwao. Bila shaka jina la uongo lilikuwa pazia la kuifunika jamaa yake. Aliishi kwa jina lile katika kambi ya Cowra, jimbo la New South Wales. Usiku wa tarehe 5 Agosti 1944 wafungwa wa Kijapani waliinuka wote kutoka kambini, na yeye ndiye aliyepiga baragumu ya kuwaita. Wajapani 231 na Waaustralia wanne walipoteza maisha katika mkasa ule. Yeye alikuwa mmoja wa waliokufa.

Lakini ndege ilikuwa imebaki kisiwani. Ndege ile ilikuwa na kiti kimoja. Haikuwa ya mabomu. Katika mkia wake ilikuwa na alama BII-124. Katika manowari za Japani zilizobeba ndege, herufi B ilikuwa alama ya kikosi cha pili, na BII ilikuwa alama ya manowari Hiryu. Basi chuma kilisema: natoka Hiryu. Karatasi za Kijapani, zilipolinganishwa nayo baada ya vita, zilisema kwamba rubani wa Zero wa Hiryu ambaye hakurudi siku ile aliitwa Hajime Toyoshima. Minami hakuwako. Mabaki ya ndege yake leo yamo katika jumba la makumbusho ya ndege huko Darwin, na chini yake pameandikwa jina alilolificha.

Katika kisa hiki shahidi wa tatu amekwisha jitokeza. Kabla ya fundi kuisoma alama ya mkia, na kabla ya mwanachuoni kulinganisha orodha, Watiwi walikuwa wamekwisha muona mtu, wakamkamata, wakajua alikotoka. Hadithi ya Zero ile ilianza vinywani mwao. Mwandishi anayeanza na alama ya mkia ameanza katikati.

Ushahidi huu huonekana wazi zaidi katika kisa cha Liberator nyingine, Little Eva. Tarehe 1 Desemba 1942 ilikuwa ikirudi toka upande wa New Guinea kwenda kwenye kiwanja chake katika rasi ya York, ikapotea katika dhoruba mpaka mafuta yakaisha. Watu wengi wakaruka kwa miavuli, nayo ikaanguka si mbali na Burketown, katika nyika ya ghuba ya Carpentaria. Waliosalia waligawanyika. Baadhi walielekea upande uliokuwa na watu, wakaokoka. Wanne walielekea magharibi, wakidhani wamekaribia mji, na kila siku iliwapeleka mbali zaidi. Watatu kati yao wakafa, mmoja baada ya mwingine. Wa nne, Grady Gaston, alionekana mwezi wa Aprili 1943, baada ya siku 141, amekuwa ngozi na mifupa. Waliomwona walikuwa wenyeji wachunga ng'ombe.

Hawa vijana wanne waliteswa na njaa katika nchi ambayo watu wengine walikula, wakanywa, wakazaa na kuzeeka humo. Sisemi hivyo kwa kuwalaumu marehemu, nani angewafundisha? Nasema ili tuone kwamba nyika haikuwaua kwa kuwa haina kitu, bali kwa kuwa hawakujua kuisoma. Na mtu anayetafuta mabaki yao baada ya miaka sabini yumo katika hatari ya ujinga ule ule, ijapokuwa ana gari lenye maji tele. Atafuata karatasi aliyonayo mkononi, apite maili mbili kando ya ndege, wala hatamwuliza mzee aliyeketi mlangoni, ambaye babu yake aliiona ikianguka.

Iko hoja inayoweza kutolewa dhidi yangu, nami siwezi kuipita. Atasema mtu: habari za mdomo hubadilika, mzee husahau, hukosea mwaka, huchanganya ndege mbili. Ni kweli. Lakini shahidi yupi asiyekuwa na kasoro? Karatasi ya mwaka 1929 ilikosea mahali pa Kookaburra ingawa iliandikwa na watu makini. Chuma husema uongo kikichanganywa na chuma kingine. Rubani wa Zero alitaja jina lisilo lake. Kasoro ya shahidi haimtoi barazani. Humlazimisha kadhi kumsikiliza pamoja na wenzake. Mzee akisema ndege ilianguka wakati wa masika ya mafuriko makubwa, wala asiujue mwaka, karatasi itautaja mwaka wa mafuriko. Karatasi ikisema ndege ilipotea baina ya mito miwili, yeye ataonyesha ni bonde lipi. Na chuma kitakapofukuliwa, kitawahukumu wote wawili.

Kwa sababu hiyo adui mkubwa wa kazi hii si kutu wala moto wa nyika, bali mkono wa mwanadamu. Mtu hufika mbele ya mabaki, akang'oa kibati chenye nambari, akakitia mfukoni kiwe ukumbusho wa safari. Kibati kile, kikitundikwa katika sebule ya mtu, ni pambo. Kikiwa mahali pake, ni shahada. Aliyekiondoa hakuiba bati. Ameng'oa jina kaburini, na atakayekuja nyuma yake atakuta chuma kisicho na mwenyewe. Mwingine hafanyi hivyo, lakini hufanya haraka: huona herufi mbili, hutangaza jina la ndege, na jamaa wa marehemu mmoja hulia kilio ambacho baadaye huambiwa hakikuwa chao. Makosa ya namna hiyo hayafutwi kwa kuomba radhi.

Basi anayekuta mabaki ya ndege nyikani na ayaache yalivyo, achore yalivyolala, aandike kila nambari na mahali ilipo, kisha arudi akatafute karatasi, akawaulize watu wa nchi ile wanajua nini. Akifanya hivyo hatapata sifa upesi. Eaton alikwenda kwa farasi siku nyingi ili awazike watu wawili ambao wasingeweza kumshukuru. Na wafuata nyayo waliomwongoza, vitabu vingi vilivyosimulia safari ile havikuona haja ya kuwataja. Naye aliyesoma alama ya BII-124 na kuilinganisha na orodha ya Hiryu alimrudishia jina mtu ambaye mwenyewe alilikimbia. Hata hivyo kazi yao imesimama. Anderson amezikwa Sydney na Hitchcock Perth, kila mmoja na jina lake juu yake, na sababu ya kifo chao inajulikana mpaka kwa fimbo moja iliyolegea.